Ushuru wa Mzalendo Halisi

Gaudence, afisa mapato wetu, hakuwa na nia mbaya aliponipanga geti la Chisombe. Kosa lake ni kwamba hakuuliza. Yeye ametoka Ngara, na mambo ya huku kwetu anayasoma kwenye ramani. Aliona tu kwamba Naima Bashiri ana sauti kubwa, haogopi madereva, na geti alilotoka lilikusanya vizuri. Basi akanituma kwenye barabara inayoshuka kutoka Kibakwe, nikatoze ushuru wa vitunguu. Wafanyabiashara wa vitunguu wa njia ile ni Wagogo watupu, na mimi ni Mrangi wa Kondoa.

Kwa asiyejua, Mrangi na Mgogo ni watani. Naweza kumwita mtumwa wangu mbele ya mkwe wake, naye akacheka. Anaweza kuingia uani kwangu akakamata jogoo akamchinja, nami nikaenda kumla pamoja naye. Kinachokatazwa ni kukasirika tu. Anayemnunia mtani huonekana amekosa malezi, na anayempeleka mtani polisi, huyo hata akifiwa watu watakwenda kwa kujivuta. Sasa mchukue mtu wa namna hiyo, mvalishe kizibao cha kung'aa, mpe mashine ya risiti, halafu umwambie adai kodi.

Siku yangu ya kwanza lilikuja Fuso la bluu. Juu ya kioo cha mbele limeandikwa kwa herufi nyeupe, MZALENDO HALISI, na bendera ndogo ya taifa imechomekwa kwenye kioo cha pembeni. Mwenye gari aliendesha mwenyewe. Alikuwa mwanaume mnene, mchangamfu, jina lake Daudi Matonya.

"Mbukwenyi," akanisalimia Kigogo. "Mtoza ushuru mpya, mtu wa wapi?"

"Kondoa."

Akawageukia wapakiaji waliokaa juu ya magunia. "Jamani, serikali imenikumbuka. Imeniletea mtumwa wangu."

Wakacheka, nami nikacheka, kwa sababu sheria ni hiyo. Nikahesabu magunia, yote ya lumbesa, yamejazwa mpaka yakaota vichwa, nikamtajia ushuru wake.

"Ushuru wangu uko Kondoa," akasema. "Babu yenu alikula mbuzi wa babu yangu hakulipa. Kateni deni humo humo." Akaunyanyua mti wa geti kwa mkono wake, akapita, akanipungia.

Nilibaki nimesimama na mashine mkononi, nimekasirika na uso bado unacheka. Sijawahi kujisikia mjinga namna ile.

Nilipomjia juu safari zilizofuata, akaliacha geti kabisa. Barabara ile, ukitoka kijijini Chisombe, inakatiza korongo kubwa kabla ya kufika getini. Kiangazi korongo ni mchanga mtupu. Daudi alikuwa akishuka nalo chini chini, anatokea mbele huko kwenye barabara ya Mpwapwa, na wenzake wakajifunza kwake. Nikawa nakaa getini naliona vumbi la Mzalendo Halisi likipita bondeni.

Na korongo hilo hilo ndilo lililokuwa roho ya kijiji. Mvua ikinyesha kwenye milima ya Kibakwe, maji yanashuka mekundu, na Chisombe inabaki upande wa pili peke yake. Watoto hawaendi sekondari, wagonjwa wanabebwa mgongoni. Gaudence alikuwa amekuja kwenye mkutano wa kijiji akawaahidi mbele ya wote: geti likifikisha lengo la mwaka, sehemu ya makusanyo itarudi kujenga daraja. Lisipofikisha, daraja lisubiri. Kila mtu alimpigia makofi, Daudi akiwa mstari wa mbele, halafu kila mtu akaendelea kupita bondeni.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba kwa wazazi wa Daudi mwenyewe, Mzee Petro na Mama Dorkasi, kwa sababu ndio waliokuwa na chumba chenye saruji. Mzee Petro alikuwa askari wa vita vya Kagera, mguu mmoja mzito, mdomo mwepesi. Mama Dorkasi alilima vitunguu kwa kumwagilia kwa ndoo, akimuuzia mwanawe kama walivyofanya majirani wote.

Jioni moja Daudi alikuja kuwaona wazazi. Nikamkuta anakula ugali wa uwele, nikamkalia mbele.

"Mzalendo halisi," nikamwambia, "lini utapita getini kama watu?"

"Mtumwa wangu, usichanganye mambo," akasema huku akimega tonge. "Uzalendo si kimashine chako. Huyu hapa baba alikwenda Kagera. Mwenge ukija, nani anayewapanga vijana waimbe? Mimi. Bendera ya shule nani aliinunua? Mimi. Hiyo ya kwako ni serikali kuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Na nikilipa inaliwa."

"Umejuaje inaliwa, wewe hujawahi kulipa?"

Mzee Petro akacheka mpaka akakohoa. "Mimi ujanani nilimkimbia mtoza kodi ya kichwa mpaka nikalala porini na fisi," akasema. "Lakini Kagera nilivaa buti nzuri. Za ngozi. Nilikuwa nazitazama usiku nikijiuliza, nani amenilipia? Si baba yangu. Ni watu waliouza pamba na kahawa zao, siwajui hata sura."

"Baba, wewe ulitoa damu," Daudi akasema.

"Damu nilitoa. Buti sikutoa."

Daudi akanawa mikono, akaaga. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hili kwa haki yake. Alimpenda baba yake, aliipenda nchi kwa sauti kubwa, na alikuwa amejizoesha kwamba sauti ile inatosha.

Mwezi Machi Mzee Petro alizidiwa. Walimvusha korongo kabla maji hayajajaa, akafikishwa hospitali ya wilaya, akakaa siku chache, akafariki. Nililia kama mtoto wake. Yule mzee alikuwa akinigongea mlango kila alfajiri kuniuliza kama Warangi wanajua kuamka.

Siku ya mazishi mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha. Watu wa Chisombe wengi walikuwa wamevuka tangu jana kwenda kumsindikiza, na mchana wakarudi na jeneza juu ya Fuso la Daudi, wakiimba nyimbo za kanisani. Mimi nilikuwa nimevuka nao jana, nikabaki zamu getini. Niliwasikia kabla sijawaona.

Nilijua wananitegemea. Msiba wa Mgogo usipokuwa na mtani unakuwa mkavu, watu wanabaki na kilio kisicho na pa kupumulia. Mtani ndiye anayelala kaburini akadai ni chumba chake, ndiye anayeficha sepetu, ndiye anayezuia jeneza mpaka akombolewe. Wakimpa sarafu mbili tatu, anaachia, watu wanafuta machozi huku wanacheka. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa Mrangi mahali pale. Nikaushusha mti wa geti, nikaweka kiti changu katikati ya barabara, nikakaa, miguu nimekunja.

Fuso likasimama. Daudi akashuka, macho mekundu. Aliponiona vile, uso ukamlegea kidogo kwa mara ya kwanza tangu afiwe.

"Mzigo gani huo?" nikauliza.

"Baba yangu, mtumwa."

"Ana kibali cha kusafirishwa? Naona amezidi uzito. Huyu alikuwa anakula ugali wangu."

Watu wakaangua kicheko, na wanawake juu ya gari wakacheka wakilia. Daudi akatoa noti ya elfu moja, akaninyooshea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Pale ndipo mtani hupokea na kusimama. Sikusimama.

"Mzee Petro hakombolewi kwa elfu moja," nikasema.

"Taja basi."

"Ushuru wa vitunguu vyako vyote vya msimu huu. Vile vya bondeni."

Wakacheka tena, ila kicheko kikapungua njiani. Daudi akanitazama akitafuta mzaha usoni mwangu. Nilikuwa nimeuondoa. Nilijua nimesimama mahali ambapo hakuna mtani aliyewahi kusimama, nikiwa na kizibao cha serikali juu ya haki ya utani.

"Jamani, mtani amezidi," Daudi akawaambia watu.

"Mtani hazidi," akajibu babu mmoja kutoka nyuma, na hilo halina rufaa.

Basi akanigeukia. Sauti yake haikuwa ya utani tena. "Naima. Baba yangu ameipigania nchi hii. Leo nchi inamzuia getini asizikwe?"

Watu wakanung'unika, na niliona wananung'unika upande wake. Hata mimi neno lile lilinichoma. Nikainuka, nikaunyanyua mti wa geti mpaka juu, nikaufunga kamba.

"Sikumzuia," nikasema. "Geti hilo wazi. Haya, washa gari, nenda."

Hakwenda. Hatua chache nyuma yangu korongo lilikuwa limejaa, maji mekundu yanakokota magogo. Fuso lisingepita, wala trekta. Sote tukabaki tunayatazama yale maji.

"Korongo ndilo lililomzuia," nikamwambia Daudi. "Mimi niliutaka ushuru wa magunia yako kwa ajili ya daraja la hapa."

Hapo Mama Dorkasi akaomba ashushwe kwenye gari. Walimshusha taratibu. Akaja mpaka kwa mwanawe, kanga ya msiba kichwani, akasema kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia.

"Daudi. Uliponunua vitunguu vyangu, kila gunia ulinikata hela. Ukasema ni ya ushuru wa Naima."

Mama akanigeukia.

"Naima, uliletewa?"

"Sikuletewa, mama."

"Na mimi alinikata," akasema jirani mmoja. "Na mimi," akasema mwingine. Hawakusema kwa ugomvi. Walikuwa kama watu wanaojibu wanapoitwa majina. Kumbe kijiji kizima kilikuwa kimeshalipia daraja lake, na fedha ilikuwa imesimama mfukoni mwa mzalendo halisi.

Sikuwa nalijua hilo. Ningelijua, sijui kama ningeweza kucheka naye hata mara moja.

Mtu mwingine angewaka, lakini aliyemdai alikuwa mtani, na aliyeuliza alikuwa mama yake, na kote kuwili hakuna ruhusa ya hasira. Daudi akatoa simu. Nikamwandalia namba ya malipo, akalipa kwa magunia niliyoyahesabu siku ile ya kwanza na kwa yale aliyoyataja mwenyewe, na alitaja mengi kuliko niliyoyajua. Mashine ikatoa risiti. Akaikunja akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo, ingawa nadhani ni kwa sababu mfuko mwingine ulikuwa umelowa.

Tulingoja maji yapungue mpaka kiunoni. Ndipo wanaume wakalibeba jeneza mabegani, Daudi mbele, wakaingia. Katikati mmoja akateleza, upande wa miguu ukazama, maji yakapita juu ya kifuniko. Mama Dorkasi alikuwa amenishika mkono. Aliona, hakulia. Aliubana tu mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

Baada ya arobaini ya mzee, Fuso lilianza kupita getini. Daudi alikuwa analipa bila mzaha, na magunia yake yalikuwa yameshonwa sawasawa. Akishapokea risiti aliniuliza neno moja: "Daraja liko wapi?" Mwanzoni niliona ananikomoa. Safari iliyofuata akauliza tena. Wenzake, ambao sasa waliona aibu kushuka bondeni peke yao, nao wakalipa, nao wakauliza. Nilianza kuliogopa swali lile kuliko nilivyokuwa nikiogopa utani wao. Juni ikaisha, geti likapita lengo. Nikampigia Gaudence simu nikifurahi. Akasema hongera, akasema maombi ni mengi, Chisombe iko kwenye foleni.

Agosti akaja mwenyewe, kwenye mkutano wa kijiji. Alivaa vizuri, akaongea vizuri. Alisema kulipa kodi ndio uzalendo wa siku hizi, kwamba vita vya leo ni vya maendeleo, na kwamba Chisombe imekuwa mfano. Halafu akatoa cheti chenye fremu ya dhahabu, kimeandikwa Mlipaji Mzalendo, akamwita Daudi Matonya.

Daudi akaenda mbele. Hakukipokea.

"Mheshimiwa, nashukuru," akasema. "Lakini cheti hiki kina uongo. Siku niliyolipa nilikuwa nimebanwa na mtumwa wangu yule pale, mbele ya jeneza la baba yangu, na mama amenivua nguo. Hapo hapakuwa na uzalendo. Palikuwa na aibu."

Watu wakacheka. Gaudence naye akacheka, akidhani ni mzaha.

"Uzalendo wangu nauanza leo," Daudi akaendelea. "Tumelipa. Lengo limepita. Daraja liko wapi?"

Gaudence akaanza kuelezea foleni. Tukamsikiliza. Nilitazama zile nyuso nikaelewa shida tuliyonayo: huyu si mtani wetu. Huwezi kumzuia njiani ukamwita mtumwa akaelewa. Kwake yeye, jambo lilitakiwa lisemwe wazi, mchana, bila kucheka, na watu wa Chisombe walikuwa hawajawahi kuisemesha serikali namna hiyo. Waliwahi kuishangilia na waliwahi kuikimbia. Wakaanza kutazama chini.

"Naima yupo hapa," Gaudence akasema, akinitafuta kwa macho. "Yeye ni mtumishi, anajua taratibu. Naima, hebu waeleweshe."

Nikasimama. Nilikuwa na mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na aliyekuwa anausaini ndiye aliyeniita. Niliwaza kodi ya chumba, nikawaza Kondoa na mama yangu anayetegemea nikituma. Lakini nilikuwa nimewabana watu hawa mbele ya maiti wao kwa jina la lile daraja. Kama nilikuwa na haki ya kuwazuia wao, sikuwa na haki ya kumpitisha huyu.

"Taratibu nazijua," nikasema. "Mheshimiwa uliwaahidi hapa hapa, mimi nikiwepo. Hukusema foleni, ulisema lengo. Nimewatoza kwa ahadi yako. Taja tarehe."

Yule babu aliyesema mtani hazidi akarudia, taratibu, kwa Kiswahili chake cha Kigogo, "Taja tarehe." Kisha mwanamke mmoja, kisha safu nzima ya nyuma. Hawakupiga kelele. Gaudence alitazama cheti mkononi, akatazama watu, akatoka nje na simu. Alipiga simu moja, kisha ya pili. Aliporudi hakuwa amekasirika, nalisema hilo kwa haki yake pia. Alionekana kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa, na kuulizwa kumemsaidia. Akasema mhandisi atakuja Jumatatu kupima.

Hakuna aliyepiga makofi. "Jumatatu tutakuwepo," Daudi akasema.

Na tulikuwepo. Mhandisi, kijana kutoka Dodoma mjini, alishuka kwenye gari na vifaa vyake akakuta kijiji kizima kimekaa ukingoni mwa korongo, wengine na viti, wengine na watoto. Akadhani kuna mgogoro. Akamuuliza mwenyekiti kwa wasiwasi kama eneo lina mwenyewe.

Mama Dorkasi ndiye aliyemjibu. Alikuwa bado na kanga nyeusi.

"Lina mwenyewe, mwanangu. Ni sisi, tumeshalipia. Wewe pima tu, na upime kwa upana wa gari. Na ukimaliza, njoo unieleze ulichopima, kwa sababu nitakuwa nakuuliza."

Kijana akasema, "Sawa, mama," akamshikisha ncha ya futi.